Mabishano Juu ya Ganda la Simu

Msomaji, ukipita Luthuli Avenue katika jiji la Nairobi utawaona mafundi wa simu wameketi nyuma ya meza zao ndogo, kila mmoja na bisibisi zake nyembamba, taa yake ya kumulikia, na kifaa cha moto cha kulainishia gundi. Simama hapo kitambo utazame. Ikiletwa simu ya zamani, fundi huitia ukucha ubavuni, mfuniko ukafunguka, betri ikatoka, na kazi ikaisha kabla mwenyewe hajamaliza kueleza shida yake. Lakini ikiletwa simu ya kisasa, yenye kioo mbele na kioo nyuma, fundi hubadilika uso. Huipasha moto, hungoja, kisha hupenyeza kipande chembamba cha plastiki ukingoni, tena kwa hofu, maana kioo kikipasuka mikononi mwake atadaiwa.

Tofauti hiyo baina ya simu mbili haikuja kwa bahati. Ililetwa na mabishano ya miaka mingi baina ya wahandisi, wafanyabiashara, wanunuzi, na hatimaye watunga sheria, juu ya jambo ambalo wengi wetu hulidhani ni pambo tu, yaani ganda la nje la simu. Liwe la plastiki, au la metali, au la kioo? Liwe nene au jembamba? Lifungwe kwa skurubu, kwa ndoano, au kwa gundi? Nataka nikusimulie mabishano hayo, kwa kuwa ndani yake mna swali linalomhusu kila mtu aliyewahi kutoa fedha zake kununua chombo: je, akishakinunua, ana ruhusa ya kukifungua?

Yafaa kwanza tujue kazi ya ganda lenyewe. Simu ya mkononi ni redio ndogo. Haina waya wa kuiunganisha na nyingine, bali hutoa mawimbi yasiyoonekana na kuyapokea kwa kitu kiitwacho antena. Sasa mawimbi hayo yana adui, naye ni metali. Mwaka 1836 mtaalamu mmoja wa Uingereza, Michael Faraday, alijenga chumba akakizungushia karatasi ya metali, akaonyesha kwamba nguvu za umeme zilizo nje haziingii ndani yake. Ndiyo sababu ukiingia katika lifti ya jengo refu na milango ikafungwa, aghalabu maongezi yako ya simu hukatika. Basi mtengenezaji wa simu yumo katikati ya matakwa mawili. Akilifanya ganda lote kuwa la metali, simu itakuwa nzito mkononi na ya kupendeza, walakini itakuwa bubu. Akilifanya la plastiki, mawimbi yatapita bila kizuizi, lakini wanunuzi wenye fedha watasema ni kitu cha kuchezea watoto.

Kwa miaka mingi plastiki ndiyo iliyotawala, na hakuna aliyeona aibu. Mwaka 2003 kampuni ya Nokia ya Ufini ilitoa simu iitwayo Nokia 1100, iliyokusudiwa hasa watu wa nchi zenye joto na vumbi na umeme wa kubahatisha. Vitufe vyake vilifunikwa kwa kipande kimoja ili vumbi lisipenye, mbavu zake zilifanywa zisiteleze mkononi, na kichwani ilikuwa na tochi. Zaidi ya simu milioni 250 za aina hiyo ziliuzwa duniani. Hapa Kenya simu za tochi za namna hiyo zilipewa jina la mulika mwizi, jina ambalo huenda umelisikia kwa wazazi wako. Ganda lake likichakaa ulinunua jingine ukalivalisha mwenyewe, kama mtu abadilishavyo shati. Naomba ulikumbuke jambo hilo tunapoendelea.

Tarehe 9 Januari 1937 haina habari kwetu. Lakini tarehe kama hiyo mwaka 2007, mjini San Francisco, Steve Jobs wa kampuni ya Apple aliionyesha simu ya kwanza ya kampuni hiyo, iPhone. Mgongo wake ulikuwa wa alumini, isipokuwa sehemu ya chini iliyokuwa ya plastiki nyeusi. Wengine walidhani plastiki ile ni urembo, kumbe ilikuwa dirisha la antena. Jambo jingine lilikuwa geni zaidi: mgongo huo haukuwa na mfuniko. Betri ikidhoofika, mwenye simu alitakiwa kuipeleka simu kwa kampuni na kulipa dola 79. Watu walinung'unika, kisha wakazoea. Mwaka uliofuata kampuni iliondoa alumini ikatumia plastiki mgongo mzima, na mfuniko haukurudi.

Mabishano makubwa yalizuka mwaka 2010. Tarehe 24 Juni mwaka huo Apple iliuza iPhone 4, simu iliyotengenezwa kwa vioo viwili, mbele na nyuma, na kati yao ukanda wa chuma cha pua uliozunguka mbavu zote. Ukanda huo haukuwa wa kushikilia vioo tu. Ulikuwa ndio antena yenyewe. Hapa wahandisi walikuwa wameligeuza tatizo la zamani juu chini: badala ya kuificha antena nyuma ya metali, waliitoa nje wakaifanya metali iwe antena. Ukanda ulikatwa vipande, na mahali pa mikato palitiwa mstari mweusi usiopitisha umeme. Nakiri kwamba lilikuwa wazo la akili sana, na nafasi iliyopatikana ndani ya simu ilikuwa ya thamani.

Lakini watu huishika simu kwa mkono. Mwenye kuandika kwa mkono wa kulia aghalabu hushika simu kwa mkono wa kushoto, na kiganja chake huangukia ubavu wa kushoto upande wa chini, mahali hasa palipokuwa na mmoja wa ile mikato. Mwili wa binadamu una maji na chumvi, nao hupitisha umeme. Kiganja kikigusa pande mbili za mkato, kiliunganisha kile ambacho wahandisi walikitenga. Ili uelewe madhara yake, fikiri juu ya uzi wa zeze. Urefu wa uzi ndio uamuao sauti. Mpigaji akiugusa kwa kidole, sauti hugeuka. Antena nayo hupimwa kwa urefu maalumu ipate kuitikia mawimbi maalumu, na kiganja kile kilikuwa kidole juu ya uzi. Penye mtandao wenye nguvu hapakuwa na neno. Penye mtandao dhaifu, maongezi yalikatika.

Walalamikaji walipoanza kusema, jibu la kwanza walilopata lilikuwa kwamba wasiishike simu namna ile. Tarehe 2 Julai kampuni ikaandika barua kwa wateja ikisema kwamba hesabu iliyotumika kuonyesha vijistari vya nguvu za mtandao ilikuwa na kosa tangu zamani, na kwamba mara nyingi simu ilionyesha vijistari viwili zaidi ya vilivyostahili. Huenda maelezo hayo yalikuwa ya kweli, lakini hayakumsaidia mtu ambaye maongezi yake yalikatika. Tarehe 12 Julai jarida la walaji la Marekani, Consumer Reports, ambalo huzipima bidhaa katika maabara zake lenyewe, lilitangaza kwamba limeuthibitisha udhaifu huo na kwamba haliwezi kuwashauri wasomaji wake kuinunua simu hiyo.

Siku nne baadaye Jobs aliwaita waandishi wa habari. Alisema kwamba hakuna simu iliyo kamili, akaonyesha simu za kampuni nyingine zikipoteza mtandao zikishikwa kwa namna fulani, jambo lililowakasirisha watengenezaji wa simu hizo, nao wakajibu kwa ukali. Alitoa na hesabu: ni asilimia 0.55 tu ya wanunuzi waliopiga simu kulalamika juu ya antena, na waliorudisha simu zao katika kampuni moja kubwa ya mtandao walikuwa asilimia 1.7, hali simu iliyotangulia ilirudishwa na asilimia 6. Kisha akaahidi kumpa kila mnunuzi kava ya bure.

Hebu tuipime hoja yake, msomaji, kwa kuwa huu ndio mtindo wa hoja utakaokutana nao mara nyingi maishani. Hesabu zile zilijibu swali la wangapi wamelalamika. Hazikujibu swali la kama ganda lina kasoro. Mtu aweza kuwa na chombo chenye kasoro asilalamike, kwa kuwa anakipenda, au kwa kuwa anaishi karibu na mnara wa mtandao. Nayo kava ya bure ilikuwa ushahidi usiotamkwa, maana kazi yake ilikuwa kuweka mpira kati ya kiganja na ule ukanda wa chuma uliotengenezwa kwa gharama ili uonekane na uguswe. Walter Isaacson, aliyeandika maisha ya Jobs katika kitabu kilichotoka mwaka 2011, ameeleza kwamba wahandisi walikuwa wamependekeza ukanda huo upakwe utando mwangavu, lakini wabunifu wakaona kwamba utaharibu mng'ao wa chuma. Mng'ao ukashinda. Simu iliyofuata, ya mwaka 2011, iliweza kuhama kutoka antena moja hadi nyingine, na kilio kikanyamaza.

Baada ya hapo uwanja wa mabishano ulihamia kwenye plastiki. Kampuni ya Samsung ya Korea Kusini ilikuwa ikiuza simu nyingi kuliko wote, karibu zote zikiwa na mgongo wa plastiki unaobanduka. Waandishi wa magazeti ya Ulaya na Marekani waliudhihaki. Galaxy Note 3 ya mwaka 2013 ilikuwa na mgongo wa plastiki uliofanywa ufanane na ngozi, hata na nyuzi za kushona zisizoshona kitu, na kwa kweli hapo dhihaka ilistahili. Galaxy S5 ya mwaka 2014 ilikuwa na vishimo vidogo vidogo mgongoni, wengine wakasema inafanana na plasta ya kidonda. Mwaka 2013 kampuni ya HTC ya Taiwan ilikuwa imetoa simu iliyochongwa katika kipande cha alumini, na mistari ya plastiki ikijazwa katika mifereji ili mawimbi yapite. Ilisifiwa kila mahali. Hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa: metali ni ya waungwana, plastiki ni ya makabwela.

Ndipo mwezi wa Septemba 2014 ikaja iPhone 6 na nduguye mkubwa, iPhone 6 Plus, zote za alumini, ya kwanza ikiwa na unene wa milimita 6.9 na ya pili milimita 7.1. Hazikumaliza wiki moja madukani kabla ya watu kuonyesha simu kubwa zilizopinda mifukoni mwao. Kampuni ilijibu kwamba ni wateja 9 tu walioleta malalamiko. Consumer Reports wakazipeleka simu kadhaa maabara, wakaziegemeza pande mbili na kuzikandamiza katikati. iPhone 6 ilianza kupinda kwa uzito wa ratili 70, yaani kama kilo 32, na iPhone 6 Plus kwa ratili 90. Ile simu ya HTC iliyosifiwa, katika umbo lake la mwaka 2014, nayo ilianza kupinda kwa ratili 70. Na ile Note 3 ya plastiki, yenye nyuzi za uongo? Ilistahimili hadi ratili 150, kama kilo 68, ikawa ya kwanza kati ya zote.

Sisemi kwamba plastiki ni imara kuliko alumini. Unene una sehemu yake, na kiunzi kilichofichwa ndani ya simu kina sehemu yake. Tena plastiki ina sifa ya kukubali kunepa na kurudi, hali alumini ikishapinda hubaki imepinda. Ninachosema ni kwamba macho na vidole viliamua jambo ambalo mashine ya kupimia ingeliamua vingine. Mwaka 2015 Apple ilitumia alumini ya aina nyingine, ngumu zaidi, katika simu iliyofuata. Na mwaka 2018, katika kesi moja huko California, hati za mahakama zilifichua kwamba vipimo vya kampuni yenyewe vilikuwa vimeonyesha kwamba uwezekano wa iPhone 6 kupinda ulikuwa mara 3.3 ya simu iliyoitangulia, na wa iPhone 6 Plus mara 7.2. Hesabu ya wateja 9 ilikuwa imetolewa na watu wenye vipimo hivyo mkononi.

Ungetarajia kwamba baada ya ushindi wa namna hiyo plastiki ingeheshimiwa. La hasha. Mwezi wa Aprili 2015 Samsung ilitoa Galaxy S6, yenye ubavu wa alumini na kioo mbele na nyuma. Mgongo haukubanduka tena, betri ikafungiwa ndani, na hata nafasi ya kuchomeka kadi ya kuongeza hifadhi ikaondolewa. Waandishi waliodhihaki plastiki wakashangilia. Mtu aliyezoea kutembea na betri ya pili mfukoni, kwa kuwa kwao umeme hukatika siku mbili mfululizo, hakuulizwa.

Watetezi wa ganda lililofungwa walitoa sababu, nazo tuzisikilize kwa haki. Walisema mfuniko hula nafasi, nayo nafasi hiyo yaweza kutumika kwa betri kubwa zaidi. Hilo ni kweli. Walisema kioo hupitisha mawimbi kuliko metali, na tangu mwaka 2017, iPhone nazo zilipopata mgongo wa kioo ili ziweze kujazwa umeme bila waya, sababu hiyo imepata nguvu. Hilo nalo ni kweli, na kioo chenyewe si kile cha dirishani. Huchovywa katika chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa kwa moto wa nyuzi kama 400, chembe kubwa za potasiamu zikachukua mahali pa chembe ndogo za sodiamu, zikasongana juu ya uso wa kioo na kukikaza. Lakini walisema pia kwamba gundi ni ya lazima ili maji yasiingie, na hapo mimi nakataa. Ile Galaxy S5 iliyodhihakiwa, yenye mfuniko wa kubanduliwa kwa ukucha, iliweza kukaa ndani ya maji yenye kina cha mita 1 kwa dakika 30, kwa kuwa mfuniko wake ulikuwa na ukanda wa mpira wa kuzuia maji. Galaxy S6 iliyofungwa kwa gundi haikupewa sifa hiyo.

Kisha kuna jambo la skurubu, dogo kwa umbo, kubwa kwa maana. iPhone 4 za kwanza zilikuwa na skurubu mbili za kawaida upande wa chini, za alama ya msalaba, ambazo kila fundi ana bisibisi yake. Kufikia Januari 2011 ilijulikana kwamba kampuni imezibadilisha, ikatia skurubu zenye kichwa cha ua la petali tano, ambazo bisibisi yake haikuwa ikiuzwa madukani. Tena simu za zamani zilizopelekwa kutengenezwa kwa kampuni zilirudi na skurubu mpya. Skurubu ya petali tano haishiki vizuri kuliko ya msalaba kwa kadiri ya kumnufaisha mwenye simu. Yeye aliilipia simu yake, ikarudi imefungwa kwa kufuli ambayo hakupewa ufunguo wake. Mafundi hawakukaa bure. Bisibisi za namna hiyo zilitengenezwa upesi na watu wengine, na leo utaziona katika meza yoyote ya Luthuli Avenue.

Tangu hapo mabishano yalitoka mikononi mwa wabunifu yakaingia mabungeni. Mwaka 2015 kampuni ndogo ya Uholanzi, Fairphone, ilitoa simu iliyoweza kufunguliwa na mwenyewe na kutengwa sehemu kwa sehemu, ikaonyesha kwamba jambo hilo linawezekana, ijapokuwa simu yenyewe ilikuwa nene na wanunuzi wake wachache. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria juu ya betri, ikitaka kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa. Kanuni nyingine, iliyoanza kufanya kazi tarehe 20 Juni 2025, inawataka wauzaji wa simu huko Ulaya waweke vipuri kwa miaka 7 baada ya simu kuacha kuuzwa. Sheria hizo si zetu. Lakini simu tunazonunua ni zile zile zinazotengenezwa kwa masoko makubwa, na nyingi hutufikia zikiwa zimekwisha kutumiwa na mtu mwingine, betri ikiwa tayari imechoka. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kakamega au Voi atakayenunua simu ya mtumba mwaka 2030 anahusika na kura iliyopigwa Ulaya, ajue au asijue.

Kampuni zenyewe zimeanza kusogea. Mwaka 2022 Apple iliunda iPhone 14 ili kioo chake cha nyuma kiweze kutolewa peke yake, bila kuvunja simu nzima. Mwaka 2024, katika iPhone 16, ilitumia gundi ya betri inayoachia ikipitishwa umeme kidogo, kiasi ambacho betri ndogo ya volti 9 yaweza kutoa. Nayo hoja ya plastiki, kioo na metali bado haijaisha. Mwaka 2023 simu zake ghali zilivishwa titani, metali ngumu na nyepesi. Mwaka 2025 titani ikaondolewa katika simu hizo, alumini ikarudi, na mgongoni likakatwa dirisha la kioo kwa ajili ya kujaza umeme bila waya, jirani kabisa na mahali lilipokuwa lile dirisha la plastiki nyeusi la mwaka 2007.